UZI: Kugeuza kitabu kuwa nukta nundu bila ruhusa ya mchapishaji. Sheria inaruhusu mpaka wapi?

Mkutubi_Dom (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila muhula ukifunguliwa, swali ni lile lile: shule imenunua kitabu cha kiada, ina wanafunzi wasioona, mchapishaji hana toleo la nukta nundu (braille, maandishi ya kusoma kwa vidole) na barua pepe hajibu. Je, shule inaweza kukigeuza yenyewe? Kwa nchi iliyojiunga na Mkataba wa Marrakesh (unaoruhusu vitabu kugeuzwa kwa ajili ya wasioweza kusoma maandishi ya kawaida) na kuuweka kwenye sheria zake, jibu ni ndiyo. Mchapishaji haombwi ruhusa. Ila kuna masharti, na hayo ndiyo watu wanayaruka.

Mkataba ulipitishwa Marrakesh, Morocco, tarehe 27 Juni 2013, ukaanza kutumika 30 Septemba 2016 baada ya nchi 20 kujiunga. Kenya iliingia 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Mikataba mingine ya hakimiliki ya WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu) inaanza na haki za mtunzi, kisha inaacha upenyo mdogo kwa msomaji. Huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji mwanzo hadi mwisho, na unailazimisha kila nchi mwanachama kuweka upenyo huo kwenye sheria yake. Ndiyo maana ni silaha kubwa, na inasikitisha kuona shule zinakaa na kitabu kabatini zikisubiri barua ambayo haihitajiki.

Wanufaika ni makundi matatu: wasioona, wenye uoni hafifu au ulemavu unaowazuia kusoma maandishi kama mtu mwingine (disleksia imo humu), na wenye ulemavu wa mwili unaowazuia kushika kitabu au kutuliza macho kwenye ukurasa. Mwanafunzi aliyepooza mikono ni mnufaika halali ingawa anaona vizuri kabisa. Walimu wengi hawalijui hili.

Kazi zinazohusika ni zilizochapishwa au kutolewa kwa umma kwa njia ya maandishi, noti za muziki na picha zinazoambatana na maandishi. Kitabu cha sauti kimo. Filamu haimo.

Masharti manne kwa asasi inayotengeneza nakala ni haya:

1. Iwe imeipata kazi kihalali. Kitabu kimenunuliwa, kimeazimwa maktaba au kimetolewa zawadi, sawa. PDF iliyoibwa mtandaoni, hapana, hata kama lengo ni jema.
2. Isibadilishe kitu zaidi ya kile kinachohitajika ili kitabu kisomeke. Kueleza mchoro kwa maneno, kuweka alama za kurasa na orodha ya kurukia sura, ruksa. Kufupisha sura au kuongeza majibu ya mazoezi, hapana.
3. Nakala ziende kwa wanufaika peke yao.
4. Isiwe biashara ya faida.

Na asasi yenyewe ni ipi? Ni ile iliyoidhinishwa au kutambuliwa na serikali kutoa elimu, mafunzo au huduma ya usomaji bila faida; pia taasisi ya serikali au shirika lisilo la faida ambalo huduma hiyo ni moja ya shughuli zake kuu. Shule ya umma yenye kitengo cha wasioona inaingia. Steshenari ya mtaani haiingii.

---

Wakili_Tanga

Uzi mzuri, mkuu. Naongeza jambo linalowaponza watu: mkataba wa kimataifa haukupi kibali kinachotembea nawe duniani kote. Mkataba wa Berne, ule mkataba mkuu wa kimataifa wa hakimiliki, kifungu cha 5(2), unasema ulinzi hufuata sheria ya nchi ambako ulinzi unadaiwa. Unaponakili Dodoma, sheria ni ya Tanzania. Unaponakili Kisumu, ni ya Kenya. Ile kanuni ya Marekani ya matumizi ya haki ("fair use") yenye vigezo vinne (kifungu cha 107 cha sheria yao) haikusaidii kitu mbele ya hakimu wa Arusha, hata kama mwandishi ni Mmarekani. Naona watu wanaiandika chini ya video na kwenye majalada ya vitabu kana kwamba ni ngao.

Halafu jinsi mkataba unavyoingia nchini kunatofautiana. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya, na marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2019 yaliweka masharti ya Marrakesh waziwazi. Tanzania mkataba unahitaji kuingizwa kwenye sheria ya ndani ndipo mahakama iutumie, kwa hiyo kabla ya kuanza kazi fungua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 (Sura 218) pamoja na marekebisho yake yote. Usitegemee kopi ya zamani iliyoko kwenye simu. Waandikie COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) barua ya kujitambulisha kama asasi, uombe majibu kwa maandishi. Hapo huombi ruhusa ya kunakili. Unatafuta karatasi ya kuonyesha siku mtu akihoji wewe ni nani.

Walioko Unguja na Pemba: hakimiliki si jambo la Muungano. Mna sheria yenu, Na. 14 ya 2003, na ofisi yenu ni COSOZA. Usisome Sura 218 ukadhani inakuhusu.

---

Mwl_Fizikia

Wakili, shukrani. Sasa naomba kuuliza kwa upande wa wanafunzi wanaoona. Kama elimu ni sababu halali, kwa nini shule isitoe fotokopi ya kitabu kizima kwa darasa zima? Darasa lina watoto 90 na vitabu 6.

---

Wakili_Tanga

Mwalimu, uhitaji wako ni wa kweli, lakini Marrakesh haigusi hilo. Hapo unarudi Berne, na Berne ina kipimo cha hatua tatu, kifungu cha 9(2). Nchi inaweza kuruhusu kunakili (i) katika hali fulani maalumu, (ii) ambazo hazigongani na uuzaji wa kawaida wa kazi, na (iii) ambazo hazimuumizi mtunzi kupita kiasi. Hatua zote tatu lazima zipite. Ukianguka moja, umeanguka.

Kitabu cha kiada soko lake ni shule. Fotokopi ya kitabu kizima kwa darasa zima inachukua nafasi ya mauzo yale yale ambayo mchapishaji alikitengenezea kitabu, kwa hiyo inagonga hatua ya pili moja kwa moja. Lengo jema haliisahihishi.

Kesi iliyokipima kipimo hiki vizuri ni ya Shirika la Biashara Duniani, shauri namba DS160, Jumuiya ya Ulaya dhidi ya Marekani. Sheria ya Marekani ya 1998 iliruhusu migahawa na maduka kupiga muziki wa redio na televisheni bila kulipa mirabaha, mradi ukubwa usizidi futi za mraba 3,750 kwa mgahawa (kama mita za mraba 348) na 2,000 kwa duka (kama mita za mraba 186). Jopo, katika ripoti ya Juni 2000, lilitazama namba: ruhusa hiyo ilifunika kama asilimia 70 ya migahawa na baa, na asilimia 45 ya maduka. Likasema hapo hakuna tena "hali maalumu", maana ruhusa imewameza wengi wa wale ambao wangelipa. Ruhusa nyingine ndogo, ya vifaa vya aina ya nyumbani, ilipita. Wasuluhishi walikadiria hasara ya Ulaya kuwa euro 1,219,900 kwa mwaka. Ona walivyofanya kazi: hawakuuliza kama sababu ni nzuri, waliuliza ni wangapi wanafunikwa na soko lipi linaguswa. Nawe ujiulize hivyo hivyo kabla ya kuwasha mashine.

Kwa wanaofuatilia kwa kina: TRIPS (mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki) kifungu cha 13 kinabeba kipimo hicho hicho na kukitandaza kwenye haki zote, si kunakili tu. Tanzania na Uganda, kama nchi zenye maendeleo duni zaidi, zina muda wa mpito wa TRIPS hadi 1 Julai 2034. Kenya haina. Lakini usichangamkie hilo, kwa sababu Berne inakubana bila kujali TRIPS.

Ninachokubali ni kwamba nchi ina nafasi ya kutunga sheria pana zaidi ya elimu kuliko tuliyonayo. Kifungu cha 10(2) cha Berne kinaruhusu kutumia kazi kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi kinachostahili lengo, na kinaiachia sheria ya nchi ipime. India walitumia nafasi hiyo. Wachapishaji watatu wakubwa walishtaki duka la fotokopi lililoko Chuo Kikuu cha Delhi mwaka 2012. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ikasema vifurushi vya kurasa kutoka vitabu mbalimbali vinavyoandaliwa kwa ajili ya somo vinaweza kuangukia kwenye ruhusa ya kufundishia, kwa sababu sheria ya India imeandikwa hivyo. Wachapishaji waliondoa shauri 2017. Ile ni hukumu ya India kwa maneno ya sheria ya India. Haivuki bahari, ila inaonyesha bunge likitaka linaweza.

Kwa darasa lako la 90: nukuu dondoo kwa kiasi cha somo, taja chanzo na jina la mtunzi (kifungu cha 10(3) kinalazimisha), andika maswali yako mwenyewe, na kwa kitabu kizima omba leseni ya kurudufu.

---

Nundu6

Nirudishe uzi kwenye nukta nundu, maana kisheria ukishapita ndipo kazi inapoanza, na nyingi zinaharibikia hapa.

Kwanza hesabu. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una visanduku 40 kwa mistari 25, yaani 1,000. Kisanduku ni nafasi ya alama moja, yenye nukta zilizopewa namba 1 hadi 6. Haujai wote: kuna vichwa, aya, alama ya herufi kubwa (nukta ya 6) na alama ya namba (3-4-5-6), vyote vinakula nafasi. Panga 750 kwa ukurasa. Kitabu cha kurasa 160 chenye herufi 1,800 kila ukurasa ni herufi 288,000, sawa na kurasa 384 za nukta nundu. Ukijalidi kurasa 80 kwa juzuu, kitabu kimoja kinazaa juzuu 5. Ukiwa na printa ya pande mbili, karatasi ni 192. Karatasi iwe nzito, gramu 120 hadi 160. Ya fotokopi ya kawaida (80) nukta zinalala baada ya vidole kupita mara chache.

Pili skani. Tumia 300 dpi (nukta kwa inchi), na 400 kwa maandishi madogo na maelezo ya chini ya michoro. Programu ya kutambua maandishi iwekwe lugha ya Kiswahili (Tesseract inayo). Ukiiacha kwenye Kiingereza "itasahihisha" maneno. Makosa ya kutafuta kwa macho: "rn" na "m", herufi l na namba 1, na o na 0 kwenye fomyula.

Tatu, na hapa naomba msikilize, ile alama ya ng'. Kwenye "ng'ombe" na "ng'oa" skani mara nyingi inatoa alama ya kufunga nukuu iliyopinda badala ya ritifaa ya kawaida. Programu ya kugeuzia inaisoma kama mwisho wa nukuu na kuweka alama isiyo nukta ya 3. Mtoto anakutana na n, g, kisha nukuu inafungwa ambayo haikufunguliwa, halafu "ombe". Kabla ya kugeuza faili, tafuta zote na ubadilishe kwa mkupuo mmoja. Ni kazi ya dakika moja.

Nne, jedwali la kugeuzia. Liblouis (programu ya kugeuza maandishi kuwa nukta nundu) na programu zinazoitumia zinakuuliza jedwali. Wengi wanaacha la Kiingereza chenye vifupisho. Matokeo yake "sh" ya shule inakuwa kisanduku kimoja (1-4-6), "ch" ya chakula kimoja (1-6), na "mingi" inaandikwa kwa kifupisho cha "ing". Chagua la Kiswahili. Kama halipo kwenye programu yako, chagua lisilo na vifupisho. Kisha muulize mwalimu wa nukta nundu wa shule inayopokea wanavyosoma, kabla ya kuchapa, sio baada.

Michoro ya Biolojia: usiiruke. Eleza kwa sentensi mbili tatu kile ambacho swali linakitegemea, ukiweka maelezo ndani ya alama moja ya kudumu ili msomaji ajue ni ya mgeuzaji, si ya mtunzi. Hilo linalinda sharti namba 2 la mleta uzi.

Mwisho, chapa kurasa 10 tu, mpe msomaji asiyeona asome kwa sauti huku wewe unafuata kitabu cha wino. Juzuu 5 zenye kosa lile lile hazirekebishiki.

---

Mama_Bukoba

Mimi ni mzazi, si asasi. Kitabu nimenunua. Naruhusiwa kukiskani ili mwanangu asikilize kwenye simu? Na nikimaliza, naruhusiwa kumtumia mzazi mwenzangu aliyeko Kampala?

---

Mkutubi_Dom

Mama, la kwanza ndiyo. Kifungu cha 4(2)(b) cha mkataba kinamtaja mnufaika mwenyewe na anayetenda kwa niaba yake, mlezi akiwemo, kwa matumizi binafsi ya mnufaika, mradi kitabu kimepatikana kihalali. Tengeneza EPUB (faili la kitabu lenye maandishi halisi), si PDF ya picha. PDF ya picha haina maandishi ndani yake na kisoma-skrini (programu inayosoma maandishi kwa sauti) kitakaa kimya.

La pili hapana. Kutuma nje ya nchi, kifungu cha 5, ni kazi ya asasi peke yake. Mpe shule au maktaba iliyotambuliwa ifanye hivyo. Upande wa kupokea ni mpana zaidi: kifungu cha 6 kinamruhusu mnufaika na mlezi wake kuingiza nakala kutoka nje.

Kwa asasi zinazotuma, mambo ya kuangalia ni mawili. Nchi inayopokea iwe mwanachama (orodha iko WIPO, itazame siku ile ile unayotuma). Na usiwe unajua, au una sababu ya kujua, kwamba nakala itaishia kwa wasio wanufaika. Weka daftari: jina la kitabu, mtunzi, mchapishaji, ISBN, toleo, ulivyokipata, muundo wa faili, tarehe, nakala ngapi na asasi iliyopokea. Majina ya watoto yasiingie kwenye daftari linalotumwa, tumia namba. Kifungu cha 8 kinalinda faragha yao.

Kabla ya kuskani chochote, tafuta kwanza kwenye katalogi ya Muungano wa Vitabu Fikivu ulioanzishwa 2014 chini ya WIPO. Vitabu vingi vya Kiingereza vya sekondari na chuo vimeshageuzwa kwingine. Kugeuza upya ni kupoteza karatasi na miezi.

---

Mwl_Fizikia

Na tukikigeuza kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili kwa wakati huo huo? Wanafunzi wangu wasioona wanaelewa zaidi hivyo.

---

Wakili_Tanga

Simama hapo, mwalimu. Tafsiri ni haki nyingine, na Marrakesh iliiacha pale Berne ilipoiacha. Nukta nundu ya Kiingereza, ndiyo. Nukta nundu ya tafsiri yako, mkataba huu peke yake haukufuniki.

Ila kuna mlango ambao Waswahili tumeusahau: Kiambatisho cha Berne cha 1971, leseni ya lazima ya tafsiri kwa nchi zinazoendelea. Kwa kawaida lazima miaka 3 ipite tangu kitabu kichapwe. Lakini kwa lugha ambayo haitumiwi kwa jumla katika nchi yoyote iliyoendelea ya Berne, ni mwaka 1 tu. Kiswahili kinaangukia hapo.

Utaratibu: mwaka ukipita bila tafsiri ya Kiswahili kutolewa, unamwomba mwenye haki. Akikataa, au baada ya juhudi za kweli asipatikane, unaomba leseni kwa mamlaka ya nchi. Asiyepatikana, unatuma nakala ya ombi kwa barua ya ndege ya rejista kwa mchapishaji aliyetajwa kwenye kitabu. Kisha inasubiriwa miezi 9 mingine, na katika miezi hiyo mwenye haki akitoa tafsiri yake, leseni haitoki. Kwa hiyo miezi 21 ndiyo mapema kabisa. Leseni ni ya kufundishia, utafiti na taaluma, inalipiwa fidia ya haki, jina la mtunzi linabaki, na kila nakala inabeba tangazo kwamba inasambazwa ndani ya nchi hiyo tu.

Panapokwama ni pawili. Nchi lazima iwe imeweka tamko kwa WIPO kwamba itatumia leseni hizi, na tamko hufa kila baada ya miaka 10 lisipohuishwa. Kipindi cha sasa kinaisha 10 Oktoba 2034. Angalia kwanza kama la nchi yako liko hai. Pili, kitabu ambacho kwa sehemu kubwa ni picha kinahitaji pia masharti ya leseni ya kunakili, ambayo kwa sayansi na hisabati ni miaka 3 na miezi 6 juu yake. Atlasi ya mwili wa binadamu itakuchelewesha. Kitabu cha maelezo hakitakuchelewesha.

Naliona hili kama deni la ofisi zetu za hakimiliki. Lugha yetu ilipewa muda mfupi kwa makusudi, na tamko ni karatasi moja.

---

Zawadi_LDN

Swali la mwisho kutoka London. Kuna mwanafunzi asiyeona hapa, Mtanzania, anahitaji vitabu vya fasihi ya Kiswahili. Hapa havipo. Je, asasi ya Tanzania inaweza kumtumia yeye moja kwa moja, au lazima ipitie chuo? Na dada yake ni kiziwi, anaomba kitabu kile kile kwa video ya lugha ya alama.

---

Mkutubi_Dom

Dada Zawadi, moja kwa moja inawezekana. Kifungu cha 5 kinaruhusu asasi kumpelekea asasi mwenzake au mnufaika mwenyewe, na Uingereza ni mwanachama kwa jina lake tangu 1 Januari 2021. Aombe kwa barua yenye uthibitisho wa hali yake kutoka kitengo cha ulemavu cha chuo, asasi iuhifadhi kwenye daftari lake. Atumiwe faili la BRF (faili lililokwisha kugeuzwa kuwa nukta nundu) kama ana kionyeshi cha nukta nundu, yaani kifaa kinachoinua nukta za kusomwa kwa vidole, au EPUB kama anasikiliza. Juzuu za karatasi zina uzito mkubwa, na hazina faida kwa mtu mwenye kifaa.

La dada yake, Marrakesh haimgusi, kwa kuwa ulemavu wake si wa kusoma maandishi. Hapo ni kuangalia kama sheria ya Uingereza ina ruhusa kwa wenye ulemavu wa aina nyingine, na ipo: marekebisho yao ya 2014 yalipanua ruhusa kwa ulemavu wowote unaomzuia mtu kufurahia kazi sawa na wengine. Chuo ndicho kitengeneze, kwa nakala yao halali. Video hiyo isitumwe Tanzania kwa kutegemea mkataba huu.

---

Nundu6

Zawadi, mwambie kijana aseme kionyeshi chake kina visanduku vingapi na kama kinasoma BRF ya upana wa 40. Vingi vya mkononi ni vya 14, 20 au 32. Faili lililokatwa mistari kwa 40 linamvunjia kila mstari vipande viwili vitatu, na kwa ushairi huo ni uharibifu, maana hajui mshororo umeishia wapi. Asasi ikijua mapema itamtengenezea la upana wake kutoka faili lile lile.